Jani Lililoanguka Kabla ya Adamu

Anayetoka Mombasa kwenda bara kwa njia ya reli ya zamani hupita Mazeras, kisha Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru. Wanajiolojia waliyapa matabaka ya miamba ya huko majina ya stesheni hizo hizo, na mpangilio wake ni wa ajabu: kadiri mtu anavyozidi kuingia bara, ndivyo mwamba anaoukanyaga unavyozidi kuwa mkongwe. Matumbawe ya ufukwe wa Malindi na Kilifi ni ya juzi tu. Mawe ya chokaa ya Kambe yana mabaki ya bahari iliyofika huku zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Mazeras kuna magogo ya miti yaliyogeuka jiwe, Maji ya Chumvi kuna samaki, na Taru, kongwe kuliko yote hayo, ilikuwa ikijengeka katika kipindi cha Permia, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Kipindi hicho ndicho kilichozaa makaa ya mawe ya Afrika Kusini, India na Australia, na ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira kule kusini mwa Tanzania. Wakati huo palipo pwani leo hapakuwa na pwani. Madagaska ilikuwa imeshikana na bara la Afrika, na nyuma yake zilikuwepo India na Antaktika, zote nchi moja ambayo wataalamu huiita Gondwana. Mito ilitiririka, vinamasi vilijaa, miti ikapukutisha majani kila mwaka. Hakuna mtu aliyeyaona.

Hapo ndipo penye swali ambalo kwa wakazi wa Kilifi na Malindi, wengi wao waumini, si dogo hata kidogo. Jani lililoanguka siku ambayo hapakuwa na jicho la binadamu wala lugha ya kulitaja, lina jina? Na mtu anayelichimbua leo katika mwamba mweusi akaliandikia jina la Kilatini, amelijua kweli, au amelibandika karatasi tu?

Wakazi hao wana pa kuanzia. Mtoto wa chuo cha Kurani husikia mapema kisa cha Adamu kufundishwa majina ya vitu vyote, na malaika kukiri kwamba hawana ujuzi ila ule waliofundishwa. Sura ya al-An'am, aya ya 59, inamtaja Mwenyezi Mungu kuwa hakuna jani linaloanguka asilijue. Kanisani husomwa kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, ambako Adamu anawapa majina wanyama na ndege. Msomaji makini ataona kuwa mimea haitajwi katika kazi ile. Ukiyaweka maandiko hayo pamoja, unaona yanatenga mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kujua na kutaja. Jani la Taru lilijulikana siku lilipodondoka, na Mjuzi wake hakuhitaji kuliita kitu. Kutaja ni kazi aliyoachiwa binadamu, nayo ni amana. Amana huchungwa, na pia huweza kufanyiwa hiana.

Historia ya pwani hii ina mfano wa jina lililotangulia ujuzi. Mwaka 1881 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimwajiri Mskoti Joseph Thomson aende Ruvuma kuchunguza makaa ya mawe. Habari za makaa hayo zilikuwa zimeenea tangu safari za Livingstone miaka ya 1860, na Sultani aliyekuwa na meli za moshi alikuwa na sababu ya kuzipenda. Thomson akaenda, akatazama, akarudi na jibu lisilopendeza: kilichoitwa makaa kilikuwa mwamba wa tope wenye mafuta kidogo, usiofaa kuendeshea meli. Barghash hakufurahi. Lakini Thomson alikuwa amefanya kazi ya haki. Jina zuri lilikuwa limekaa juu ya jiwe hilo kwa karibu miaka 20, na jiwe halikubadilika kwa kuitwa.

Sasa tulitazame jani lenyewe. Katika miamba ya makaa ya nchi zilizokuwa Gondwana, jani linaloonekana mara nyingi kuliko mengine lina umbo la ulimi, refu kuliko upana wake. Katikati pana mshipa mkuu, na kutoka hapo mishipa midogo hutawanyika kuelekea ukingoni, ikikutana na kuachana hadi inafanya wavu. Likitazamwa kwa mwanga wa juu, huwa ni doa jeusi tu kwenye jiwe la kijivu. Likiinamishwa ili mwanga ulipige kutoka ubavuni, wavu wote hujitokeza. Kinachobaki kwa kawaida ni ukoko mwembamba wa kaboni, na mara nyingine hata huo umeshapukutika ikabaki alama tu. Ncha mara nyingi imevunjika, kikonyo kimepotea, na hakuna tawi wala ua. Adolphe Brongniart, Mfaransa aliyeweka misingi ya elimu ya mimea ya kale, aliliita Glossopteris mwaka 1828, akidhani ni la jamii ya kangaga.

Halikuwa kangaga. Ilichukua zaidi ya karne moja kulithibitisha hilo. Mizizi ya mti huo ilikuwa imeokotwa mbali na majani, ikapewa jina lake, Vertebraria, kana kwamba ni mmea mwingine. Mbegu nazo zilitajwa peke yake, na gogo peke yake. Mwaka 1952 Edna Plumstead wa Afrika Kusini alieleza visukuku kutoka Vereeniging ambavyo vilikuwa na kitu ambacho wengi walikuwa wamekikosa: viungo vya uzazi vikiwa bado vimeshikamana na jani la Glossopteris. Maelezo yake kuhusu viungo hivyo yalibishaniwa, na baadhi hayakudumu, lakini muungano wenyewe ulibaki. Mmea ulizaa mbegu. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza kuwa katika visukuku vya Queensland, Australia, vilivyohifadhiwa ndani ya silika, wameona hadi mbegu za kiume za mmea huo, zenye uwezo wa kuogelea.

Ajabu ni kwamba yale majina mengi hayakufutwa. Kanuni za kimataifa za kutaja mimea zinaruhusu jani, mzizi, mbegu na gogo la mmea mmoja wa kale viendelee kubeba majina tofauti, kwa sababu mtu akiokota mzizi mmoja hawezi kujua kwa yakini ulikuwa wa mti upi. Mgeni huona huo ni ukaidi wa wasomi. Ukweli ni kwamba huo ni uadilifu: jina halidai zaidi ya kile kilichoonekana.

Hata ndani ya majani peke yake, mashaka hayaishi. Spishi za Glossopteris zilizopewa majina ni zaidi ya 100, nyingi zikitofautishwa kwa upana wa jani au msongamano wa wavu wake. Atakayesimama chini ya mwembe wowote wa Malindi ataokota majani machanga yenye wekundu, mapana ya kijani na membamba yaliyokosa jua, yote ya mti mmoja. Mtafiti wa miaka milioni ijayo, akiyapata yametengana, angeweza kuyafanya spishi tatu. Kuna pia jani la Gangamopteris, linalofanana na Glossopteris ila halina mshipa mkuu ulio dhahiri. Jiwe likiwa limevunjika ubavuni na mshipa wa katikati hauonekani, ni lipi kati ya hayo mawili? Mtaalamu hutafuta ngozi ya jani, lile tabaka la nta, huiloweka katika tindikali hadi kaboni iondoke, kisha hutazama kwa hadubini vitundu ambavyo mmea ulivutia hewa. Ngozi ikiwa imeungua kwa joto la ardhi, njia hiyo nayo imefungwa.

Machimboni Mazeras na Mariakani tatizo huwa gumu zaidi. Mawe ya huko hupasuliwa kwa tindo na nyundo kuwa sahani za kupamba kuta na kusakafia nyua hadi Nairobi, na si mara moja fundi hukuta juu ya sahani mchoro mweusi wenye matawi mazuri kama kangaga. Mara nyingi huo si mmea. Ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji katika ufa wa jiwe yakajichora yenyewe. Dalili zake zinajulikana: mchoro huanzia kwenye ukingo wa ufa, matawi hugawanyika bila mpango, hakuna mshipa mkuu unaopungua unene kuelekea nchani, hakuna ukoko wa kaboni. Jani la kweli lina utii ndani yake. Kila mshipa unajua ulikotoka. Fundi anayeliita lile doa jani halaumiwi, macho yake yameona uzuri uliopo kweli. Lakini mwalimu anayelipeleka darasani kama ushahidi wa msitu wa kale ametoa ushahidi wa kitu ambacho hakikuwepo.

Basi mtu mwadilifu afanye nini anapokuwa hajui? Hapa ndipo desturi mbili zilizo mbali sana hukutana. Katika vibandiko vya makumbusho, mtaalamu wa mimea ya kale asiye na yakini huandika herufi mbili ndogo kabla ya jina la spishi, c na f, kuwa jani hili lilinganishwe na spishi fulani, si kwamba ndilo. Akiwa na shaka zaidi, huishia kwenye jenasi akaacha nafasi ya spishi wazi. Na katika misikiti ya Malindi, Mambrui na Lamu, sheikh aliyesoma miaka mingi, akishatoa jibu lake la fikihi na hoja zake zote, hufunga kwa kusema wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Hasemi hivyo kwa kukosa elimu. Asiye na elimu ndiye asiyeona haja ya kusema hivyo. Wote wawili wamejibu swali waliloulizwa, na wote wawili wameonyesha mpaka wa jibu lao ulipo.

Hii ndiyo maana ya kutaja kama amana. Wako watu wa dini wanaohofia kwamba mamilioni ya miaka ya miamba ya Taru yanamwondoa Mungu, na wako watu wa sayansi wanaodhani kila shaka ni udhaifu. Makundi hayo mawili yana kosa moja: yanataka jina liwe mwisho wa ujuzi. Hofu ya kundi la kwanza haina mizizi hata katika turathi ya Kiislamu yenyewe. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika jinsi udongo unavyokauka ukawa jiwe kwa muda mrefu sana, na jinsi wanyama na mimea wanavyoweza kugeuka mawe. Al-Biruni, aliyeishi naye zama moja, alitazama mawe ya mito ya India, makubwa na mviringo karibu na milima, madogo zaidi kadiri mto unavyoshuka, akahitimisha kuwa nchi ile ilikuwa bahari iliyojazwa na mchanga wa mito. Hawakuona kwamba urefu wa muda unapunguza ukuu wa Muumba.

Upande wa Kikristo kuna kisa kinachogusa zaidi. Februari 1912 Edward Wilson, daktari na Mkristo wa ibada sana, alikuwa akirudi kutoka Ncha ya Kusini pamoja na kapteni Robert Scott na wenzao. Walikuwa wamechoka, wana njaa, na mmoja wao alikuwa anakaribia kufa. Kando ya barafu ya Beardmore waliona miamba yenye makaa na majani, wakasimama kuokota. Miili ya Scott na Wilson ilipopatikana hemani Novemba mwaka huo, mawe hayo, kiasi cha kilo 16, yalikuwa pamoja nao. Hawakuyatupa hata pale kila gramu ilipokuwa mzigo. Albert Seward wa Cambridge aliyachunguza, na mwaka 1914 akachapisha jibu: ndani yake mlikuwa na Glossopteris. Jani lilelile la India na la Afrika lilikuwa limeota Antaktika. Eduard Suess alikuwa ametumia jani hilo mwaka 1885 kudai kwamba mabara ya kusini yaliunganishwa zamani. Sasa ushahidi ulifika hadi karibu na ncha ya dunia. Wilson hakulijua jina la alichobeba. Alikitendea haki kwa kukibeba hadi mwisho, kikamfikia anayejua.

Mbali kidogo na Malindi, kaskazini-magharibi, kuna korongo la Nyari kule Marafa, lenye kuta za mchanga mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na watu matajiri walioogea maziwa huku wengine wakiwa na dhiki, Mungu akawadidimiza ardhini, na rangi za kuta ni za maziwa na damu yao. Mjiolojia husema ni mchanga laini uliochongwa na mvua, na yuko sahihi. Si haki, hata hivyo, kuikejeli hadithi ile kana kwamba ni jiolojia iliyoshindwa. Inajibu swali lingine, la mwenye nacho na asiye nacho, na inalijibu vizuri. Ubaya huanza tu pale hadithi inapotumwa kupima umri wa mchanga, au mchanga unapotumwa kuamua kama kuogea maziwa ni dhambi.

Wazee wa kaya wanalo somo lingine. Misitu mitakatifu ya Mijikenda, iitwayo kaya na iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008, imehifadhi mimea ambayo kwingine imefyekwa, na pamoja nayo elimu ya mimea hiyo. Mzee wa kaya halitaji jani likiwa peke yake kiganjani. Atauliza limetoka wapi, mti una gome gani, unatoa utomvu au la, unazaa lini. Kwake jina ni la mti mzima na mahali pake. Hicho ndicho anachokikosa mtu wa visukuku, na ndiyo sababu ana haki ya kusitasita kuliko mzee huyo.

Kufanana nako hudanganya. Katika misitu ya pwani huota sikadi iitwayo Encephalartos hildebrandtii, yenye majani magumu ya kuchoma. Imepewa jina la Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani ambaye pia alikusanya visukuku vya bahari vya zama za Jura karibu na Mombasa. Watalii huambiwa kuwa ni mmea wa enzi za dainosari. Ukoo wake ni wa kale kweli, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa spishi nyingi za sikadi zilizopo leo zilitokea katika miaka milioni 12 hivi iliyopita. Sura ni ya kale, mwenye sura ni mpya.

Linabaki lililo zito kuliko yote. Glossopteris haipo tena. Mwishoni mwa Permia, miaka milioni 252 iliyopita, viumbe vingi vya dunia viliangamia, misitu ile ikaenda, na kwa takriban miaka milioni 10 hapakuwekwa makaa ya mawe popote duniani. Wanajiolojia huuweka mpaka huo ndani ya matabaka ya Maji ya Chumvi. Muumini ana haki ya kuuliza kwa nini miti iliyofunika nusu ya kusini ya dunia iliumbwa ikatoweka bila mtu hata mmoja kuifaidi kivuli. Jibu la haki ni kwamba swali hilo linamfanya mtu kuwa kipimo cha thamani ya viumbe, na maandiko yanayomtaja Mungu kuwa mjuzi wa kila jani hayakusema majani ya zama za watu tu. Msitu ule ulikuwa na thamani yake kabla hatujaja kuuchoma. Mwaka 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipobatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa Lamu, wakili na mvuvi walizungumza juu ya hewa, samaki na mikoko, na walikuwa na haki. Mpango ulikuwa kuanza na makaa kutoka Afrika Kusini, yaani mabaki ya misitu ile ya Glossopteris, ije ichomwe pwani kwetu.

Serikali imeshatafuta makaa katika bonde la Taru, na wachimba mawe wa Mariakani, Mazeras na Jaribuni hupasua miamba kila siku. Kwa hiyo jani linalotatiza linaweza kumfikia yeyote kati yao kesho. Atakayelipata asilisugue wala kulipaka mafuta. Ahifadhi vipande vyote viwili vya jiwe, kwa maana alama ya upande wa pili ina habari ambazo wa kwanza hauna. Apige picha kwa mwanga wa ubavuni, sarafu ikiwa kando ili ukubwa ujulikane, na aandike machimbo gani na tabaka lipi, kwa sababu jani lisilo na mahali halisemi kitu. Kisha atoe habari kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yenye ofisi Malindi, Gede na Fort Jesus. Chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, kisukuku kilichomo ardhini ni mali ya umma, na si halali kukiuza. Akiulizwa ni jani la nini naye hana yakini, aseme hajui.